HESABU MAGURUDUMU, KISHA HESABU VIDOLE

Mwombe mtoto wako akuchoree garimoshi. Yamkini hajapata kuliona garimoshi la mvuke maishani mwake, lakini hilo ndilo atakalolichora: bomba linalotoa moshi mzito, dirisha la dereva, na magurudumu. Moshi atauchora kwa furaha, akiizungusha kalamu mpaka karatasi ijae. Magurudumu atayapachika upesi upesi, matatu au manne, kwa kadiri nafasi itakavyomruhusu.

Usimlaumu. Sisi watu wazima nasi hatuna desturi ya kuhesabu magurudumu ya injini. Hata hivyo, kwa kampuni ndogo ya reli katika Marekani ya karne ya 19, idadi ya magurudumu, ukubwa wake na namna yalivyopangwa yalikuwa mambo ya kufa na kupona. Na kwa watu waliofanya kazi nyuma ya injini hizo, juu ya mabehewa ya mizigo, ilikuwapo hesabu nyingine yenye uchungu zaidi: hesabu ya vidole vilivyobaki mikononi mwao. Leo, ndugu msomaji, hebu tuzifanye hesabu hizo mbili pamoja, kwani moja haieleweki vema bila ya nyingine.

RELI ZA MFUKO MWEMBAMBA

Zinapotajwa reli za Marekani, fikra zetu hukimbilia njia ile kuu iliyounganishwa tarehe 10 Mei 1869 huko Promontory, katika Utah, ikawezesha mtu kusafiri kwa garimoshi toka mashariki ya nchi hadi pwani ya magharibi. Lakini pembeni mwa njia kuu kama hiyo zilikuwapo reli ndogo nyingi, za maili 10, 20 au 50, kila moja na kampuni yake. Moja ilitoa makaa ya mawe mgodini na kuyafikisha mferejini yalikopakiwa mashuani. Nyingine ilishusha magogo kutoka msituni. Nyingine ilichukua mawe yenye dhahabu na fedha toka milimani hadi kwenye vinu vya kusagia. Abiria walikuwa wachache. Mzigo ndio uliolipa mishahara.

Wahenga walinena: jikune ujipatapo. Kampuni hizo zilijikuna hivyo. Palipohitajika kutoboa mlima, zilizunguka kwa kona kali. Palipohitajika kufukua kilima ili njia iwe tambarare, zilipanda nacho. Vyuma vya reli vilikuwa vyembamba, na mataruma yaliwekwa haba. Baadhi zilipunguza hata upana wa njia. Reli ya kawaida ya Marekani ilikuwa na upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu, lakini katika milima ya Colorado zilijengwa reli nyingi za futi 3, upana uliopungua hata ule wa mita moja wa Reli ya Kati ya kwetu iliyojengwa na Wajerumani. Huko Maine zilikuwapo za futi 2 tu.

Kisa cha reli hizo za futi 2 kinatosha kuonyesha jinsi maisha ya kampuni ndogo yalivyokuwa. Mwaka 1877 ilifunguliwa reli ya namna hiyo katika Massachusetts, baina ya Billerica na Bedford. Mwaka uliofuata ilikwisha kufilisika. Injini na mabehewa yake yakanunuliwa na kampuni nyingine changa, Sandy River, iliyoanza kazi mwaka 1879 kwenye njia ya maili 18 katika Maine. Mtumba wa mmoja ukawa mtaji wa mwingine.

Lakini fedha iliyookolewa katika njia ilirudi kudaiwa kwa injini. Somo hili lilianza mapema. Mwaka 1829 kampuni ya Delaware and Hudson, iliyokuwa na migodi ya makaa Pennsylvania, iliagiza injini toka Uingereza iliyoitwa Stourbridge Lion. Ilitarajiwa iwe na uzito wa tani 4 hivi. Ilipofika ilikuwa karibu tani 7. Tarehe 8 Agosti mwaka huo, katika mji wa Honesdale, kijana mhandisi Horatio Allen aliiendesha peke yake, asimpakie mtu mwingine yeyote, kwa kuhofia njia isije ikavunjika chini yake. Reli zenyewe zilikuwa za mbao zilizopigiliwa ukanda wa chuma juu. Injini ilikwenda vizuri, ikarudi vizuri. Tatizo lilikuwa njia: isingeweza kuistahimili siku zote. Injini ile haikupata kufanya kazi iliyoagizwa kuifanya.

Hapo ndipo fumbo lilipo. Injini nzito huivunja reli dhaifu, na injini nyepesi haiuvuti mzigo. Je, afanye nini mwenye mfuko mwembamba?

UZITO NA MSHIKO

Kwanza, tujue injini inavyovuta. Moto huchemsha maji ndani ya boila. Mvuke wenye nguvu huingia katika silinda na kuisukuma pistoni, mbele na nyuma. Pistoni nayo husukuma mikono ya chuma iliyofungwa kwenye magurudumu makubwa, nayo huzunguka. Hayo ndiyo magurudumu ya nguvu. Mengine madogo yaliyo mbele hayavuti kitu. Kazi yake ni kuiongoza injini inapoingia konani.

Sasa, gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi. Umepata kumwona mtu akivuta mkokoteni juu ya sakafu yenye maji: misuli anayo, lakini miguu haishiki. Injini ni vivyo hivyo. Kwa kawaida haiwezi kuvuta kwa nguvu inayozidi sana robo ya uzito uliokaa juu ya magurudumu yake ya nguvu. Ukiongeza mvuke kupita hapo, magurudumu yatazunguka mahali pamoja na garimoshi halitasogea. Ndiyo maana juu ya boila liliwekwa sanduku la mchanga, lenye bomba la kuumwaga mchanga huo mbele ya magurudumu, hasa mvua inyeshapo au majani yanapoilowesha njia.

Injini iliyoenea zaidi Marekani katikati ya karne ile ilikuwa na magurudumu manne madogo mbele na manne ya nguvu. Ilikuwa nyepesi na ya mbio, ikiwafaa abiria. Kwa mzigo wa makaa mlimani haikutosha. Ufumbuzi ukawa kuongeza magurudumu ya nguvu, yawe sita, kisha manane. Uzito mkubwa ukigawanywa juu ya magurudumu mengi, kila moja huikanyaga reli kwa upole, na yote kwa pamoja hushika kwa nguvu. Aidha magurudumu yenyewe yalifanywa madogo. Mchukuzi mwenye gunia begani hapigi hatua ndefu. Hupiga fupi fupi, lakini hafiki mikono mitupu. Gurudumu dogo ndiyo hatua fupi ya injini.

Fikra hiyo ilipata umbo lake mashuhuri mwaka 1866. Alexander Mitchell, fundi mkuu katika reli ya makaa ya Lehigh and Mahanoy huko Pennsylvania, alihitaji injini ya kupanda mlima wa Mahanoy, ambako njia iliinuka futi 133 katika kila maili, yaani karibu futi moja kwa kila futi 40. Kwa garimoshi la mizigo huo ni mpando mkali. Akachora injini yenye magurudumu mawili madogo mbele na manane ya nguvu, kila moja la nguvu likiwa na kimo cha inchi 48 tu. Kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia kikaiunda. Ilikuwa na uzito wa pauni 90,000, yaani karibu tani 41, na pauni 80,000 kati ya hizo zilikaa juu ya magurudumu yanayovuta. Karibu uzito wote ukawa kazi.

Mwaka huo huo kampuni ya Lehigh and Mahanoy ilikuwa ikiunganishwa na kampuni kubwa zaidi ya Lehigh Valley. Kwa ajili hiyo injini ikapewa jina la Consolidation, maana yake muungano. Hivyo reli ndogo ilimezwa, lakini neno la kumezwa kwake likawa jina la ukoo mzima wa injini. Katika miaka iliyofuata reli za Marekani zilipata zaidi ya injini 20,000 za mpango huo, na hapakuwa na aina nyingine ya injini ya mizigo iliyozaliana kiasi hicho.

Nasi wa Afrika Mashariki hatukukosa kuonja kazi ya kiwanda hicho. Injini za Baldwin, za magurudumu sita ya nguvu, ziliteremshwa Mombasa katika miaka ya 1899 na 1900 kuitumikia Reli ya Uganda.

INJINI YA MWENYE MSITU

Lakini kulikuwa na wenye njia mbaya zaidi ya hizo: wakata magogo. Njia yao ilikuwa ya muda tu. Miti ikiisha hapa, reli hung'olewa na kupelekwa kule. Nani angetia fedha nyingi katika njia ambayo baada ya miaka miwili haitakuwapo?

Mmoja wa watu hao alikuwa Ephraim Shay, mwenye kiwanda cha kupasulia mbao katika Michigan. Katika miaka ya 1870 desturi ya huko ilikuwa kungoja majira ya baridi, theluji itande, ndipo magogo yavutwe juu yake. Theluji ikichelewa, kazi ililala. Shay alitaka kazi ya mwaka mzima. Alitandika reli za mti, rahisi kabisa, lakini injini ya kawaida ilipopita juu yake ilizichakaza.

Shay akaitazama injini upya. Aliiacha mikono mirefu ya chuma inayopigapiga mbele na nyuma, akazisimamisha silinda wima, upande wa kulia. Silinda hizo zilizungusha mhimili mrefu uliolala ubavuni mwa injini, na mhimili ukaendesha kila gurudumu kwa gia. Hakukuwa na gurudumu lililobebwa bure: yote yalivuta. Na kwa kuwa magurudumu yalipangwa katika vikundi vilivyoweza kugeuka, yaliifuata njia hata ilipopinda kama nyoka. Kiwanda kimoja cha mji wa Lima, Ohio, kiliunda ya kwanza mwaka 1880, na Shay akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1881.

Haikuwa injini ya mbio. Mwendo wake haukupita sana ule wa mtu akimbiaye, ingawa kelele zake zilimfanya mgeni adhani inaruka. Lakini ilipanda palipozishinda nyingine. Huko Colorado kampuni ndogo iitwayo Gilpin Tramway, yenye njia ya futi 2, ilizitumia injini za Shay kuanzia mwaka 1887 kushusha mawe ya dhahabu kutoka migodini hadi vinuni. Injini za aina hiyo zaidi ya 2,700 ziliundwa, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1945. Hiyo ya mwisho imehifadhiwa Cass, katika West Virginia, pamoja na wenzake waliovuta magogo.

KUPANDA MCHONGOMA

Hadi hapa, ndugu msomaji, tumezungumza habari ya kupanda. Lakini wahenga walituonya: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Garimoshi la mizigo likiwa kileleni na mabehewa 20 yenye makaa, injini iliyolivuta kwa ushujaa haiwezi peke yake kulizuia lisikimbie. Kila behewa lilikuwa na breki yake, iliyofungwa kwa kuzungusha usukani wa chuma ulio juu ya paa. Dereva alipiga filimbi, na wafunga breki wakatoka. Walikwenda juu ya mapaa, wakiruka toka behewa hadi behewa, usiku na mchana, garimoshi likiyumba, na wakati wa baridi barafu ikiwa imefunika ubao wa kukanyagia. Kabla ya daraja fupi au tundu la mlimani zilitundikwa kamba zinazoning'inia juu ya njia. Kamba zikimpiga mtu usoni gizani, alijua analo dakika dogo tu la kulala kifudifudi.

Hatari nyingine ilikuwa chini, kati ya behewa na behewa. Mabehewa yaliunganishwa kwa pete ndefu ya chuma na pini. Mfunga breki alisimama katikati ya reli, behewa moja limesimama, la pili linasukumwa likija. Aliishika pete kwa mkono, akaielekeza ndani ya tundu la behewa linalokuja, na wakati huo huo vyuma viwili vikikutana alitakiwa awe amekwisha kuutoa mkono na kuiangusha pini. Akiwahi, pete hukosa tundu. Akichelewa, vidole hubaki. Yasemekana wasimamizi wa stesheni walipotafuta mtu mzoefu waliitazama mikono yake kwanza: aliyepungukiwa kidole kimoja au viwili, huyo kazi alikwisha kuifanya.

Hiyo ndiyo hesabu ya pili. Katika mwaka ulioishia Juni 1888, wafanyakazi zaidi ya 2,000 wa reli za Marekani walikufa kazini, na zaidi ya 20,000 walijeruhiwa. Rais Benjamin Harrison, alipolihutubia Bunge mwaka 1889, alizitaja hesabu hizo, akasema kwamba hatari inayowakabili watu hao katika kazi ya halali ni kama ile ya askari wakati wa vita, na kwamba hiyo ni aibu kwa taifa.

VIDOLE VYA CHUMA

Je, hapakuwa na dawa? Ilikuwapo, na hilo ndilo jambo la kusikitisha. Mwaka 1869 George Westinghouse alipata hati ya breki ya hewa, na kufikia mwaka 1872 alikwisha kuirekebisha ijifunge yenyewe: hewa iliyoshindiliwa katika bomba ndiyo iliyozizuia breki zisifunge, hivyo garimoshi likikatika hewa hutoka na mabehewa yote husimama. Dereva mmoja, kwa mkono mmoja, aliweza kufanya kazi ya watu wote wa mapaani.

Mwaka 1873 Eli Janney, karani wa duka katika Alexandria, Virginia, alipata hati ya kiungio kipya cha mabehewa. Alikichonga kwanza kwa kisu katika mti. Ukitaka kukielewa, kunja vidole vya mkono wako wa kulia, kunja vya kushoto, kisha vinase pamoja. Mabehewa yakikutana, vidole vya chuma hunasana vyenyewe. Mtu hana haja ya kuweka vyake katikati.

Magarimoshi ya abiria yalizipata breki za hewa mapema. Ya mizigo yalingoja. Wenye kampuni, na hasa zile ndogo, walisema gharama ni kubwa. Tena mabehewa yalibadilishana njia, na behewa lenye kiungio cha aina moja halikuungana vema na la aina nyingine. Kwa hiyo kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Na mahakama kwa desturi zilishika kwamba mfanyakazi aliyeijua hatari na akaendelea na kazi alikwisha kuikubali. Kidole kilichokatika hakikumgharimu mwenye reli kitu kikubwa. Pini mpya iligharimu zaidi.

Aliyewasumbua zaidi alikuwa mkulima wa Iowa, Lorenzo Coffin. Husimuliwa kwamba mwaka 1874, akisafiri kwa garimoshi la mizigo, alimshuhudia mfunga breki akipoteza vidole viwili vya mwisho vya mkono mmoja. Vingine alikwisha kuvipoteza zamani kwa kazi ile ile. Toka siku hiyo Coffin hakunyamaza. Aliandika barua, alihutubia makanisani, aliingia mikutano ya wenye reli bila kualikwa, mpaka akachukiwa. Wafanyakazi wenyewe nao, kwa vyama vyao, walidai.

Tarehe 2 Machi 1893 Rais Harrison alitia sahihi sheria iliyozitaka reli zinazopita mipaka ya majimbo kuweka viungio vinavyojifunga vyenyewe, pamoja na breki zinazoongozwa na dereva. Sheria hiyo iliongeza neno moja zito: mfanyakazi aliyeumizwa na behewa lisilotimiza masharti hatahesabiwa kuwa aliikubali hatari. Reli ziliomba muda, zikapewa, na utekelezaji ukakamilishwa mwaka 1900. Baada ya hapo ajali za kuunganisha mabehewa zilipungua sana.

Tazama miaka, ndugu msomaji. Injini ya magurudumu manane iliundwa kwa ajili ya mlima mmoja, na kwa kuwa iliongeza mzigo, haikuhitaji sheria wala mhubiri, ilienea yenyewe. Kiungio kilichookoa mikono kilivumbuliwa mwaka 1873 kikangoja miaka 27. Mafundi walikuwa wale wale, na chuma kilikuwa kile kile. Tofauti ilikuwa hesabu ipi iliandikwa katika daftari la kampuni.

Mtoto wako akimaliza mchoro wake, kaa naye. Mwonyeshe pa kuongeza magurudumu madogo mbele, na mikono ya chuma inayoyaunganisha makubwa. Kisha mwombe achore behewa la pili, na kati ya mabehewa hayo mawili amchore mtu. Akikuuliza mtu huyo anafanya nini mahali pa hatari kama pale, usilikwepe swali. Mwambie kidole kimoja hakivunji chawa, na mwambie habari ya vile vya chuma.